Mwongozo kamili: kuchagua na kuboresha gari na helikopta za rimoti za umeme bila kuunguza kitu

Wakuu, kosa ni lile lile kila siku. Mtu kanunua gari ya rimoti, kaendesha wiki mbili akaiona nzito, akaagiza mota ya brashilesi (isiyo na brashi ndani) na betri ya 3S (seli tatu) kwa mpigo, akafunga, dakika tano tu gia zimesagika au ESC (kidhibiti cha mota) inatoa moshi. Mwingine kaanza moja kwa moja na helikopta ya chaneli sita, imenyanyuka, imelala upande, mapanga yamevunjika, sasa iko juu ya kabati inakula vumbi.

Mara nyingi vifaa havikuwa vibovu. Mpangilio ndo uligeuzwa: nguvu imewekwa kwanza, wakati nguvu inatakiwa iwe ya mwisho kabisa. Ukifuata hatua hizi kwa mpangilio huu huu utatumia hela kidogo na utacheza muda mrefu. Tafadhali usiruke hatua, hasa ya betri.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Chaja ya balansi, yaani inayosawazisha seli za betri. SkyRC iMAX B6 au inayofanana nayo inatosha. Angalia vizuri kabla ya kulipa: B6 ya kawaida inataka umeme wa DC wa volti 11 hadi 18, haiingii ukutani moja kwa moja, ila B6AC inaingia. Mwenye sola nyumbani na betri ya volti 12 achukue ile ya kawaida, atachaji hata umeme ukikatika.
- Kipima betri kidogo chenye alamu, kile kinachochomekwa kwenye plagi nyeupe ya balansi. Bei yake ndogo sana ukilinganisha na betri kitakayookoa.
- Maltimita ya kawaida ya fundi redio.
- Pasi ya kulehemu ya wati 60 kwenda juu, risasi na fluksi. Waya za betri ni nene, ukitumia pasi ya wati 30 utapasha waya mpaka ganda linayeyuka na risasi bado haijashika.
- Funguo za alenki za 1.5, 2.0 na 2.5 mm za chuma kigumu. Zile laini zinakula kichwa cha skrubu na hapo kazi imesimama. Tamiya wao wanatumia skrubu za msalaba.
- Loctite ya bluu (gundi ya kuzuia skrubu zisilegee) kwa skrubu zinazoingia kwenye chuma.
- Kipima joto cha bastola. Zile za kupimia watu wakati wa korona hazifai, zinaishia nyuzi 42 hivi, wewe unataka kusoma mpaka 100.
- Chungu cha udongo na ndoo ya mchanga mkavu kwa ajili ya betri. Hii sio hiari.

## Hatua ya 1: Hakikisha unanunua gari ya hobi, sio toi

Muulize muuzaji swali moja: spea zake zinapatikana, moja moja, kwa namba? Akisita, hiyo ni toi. Toi ina raha yake kwa mtoto ila usiitolee hela ya kuiboresha, haitafika popote.

Kisha fungua bodi uangalie ndani. Gari inayoboreka vizuri ina risiva (kipokezi cha rimoti) peke yake, sevo ya usukani (kimota kinachokata kona) peke yake, na ESC peke yake, yaani kile kiboksi kinachochukua umeme wa betri na kuugawia mota kadri unavyovuta triga. Ukikuta vyote vimebanwa kwenye bodi moja ya saketi, kama ilivyo kwenye WLtoys A959 na 12428, ujue ukitaka brashilesi itabidi ubadilishe bodi nzima, ununue na risiva na rimoti yake. Hesabu pia waya za sevo: tatu ni ya kawaida, ukiona tano ujue hiyo sevo inategemea ile bodi, kwa hiyo na yenyewe itaondoka. Wengi wananasa hapa, wanaagiza mota tu halafu wanakuta hakuna pa kuichomeka.

Kuhusu aina, angalia unapoendeshea. Tamiya TT-02 ni nzuri sana kwa kujifunza maana unaiunga mwenyewe kutoka kwenye boksi, ila iko chini, inataka lami au sakafu. Kwa mitaa yetu ya vumbi na kokoto mimi ningechukua truck ya 1/10 (ndogo mara kumi kuliko gari halisi) kama Traxxas Slash ya 2WD, iko juu na inavumilia kugonga. Kama huna nafasi kubwa, una kauwanja ka nyumba tu, chukua kroola ya kupanda mawe, inatembea polepole na haimuudhi jirani.

Umefanikiwa ukiweza kutaja ukubwa wa mota, aina ya plagi ya betri na duka utakakopata mkono wa mbele wa gari, ule unaoshika gurudumu, ukivunjika. Mkono wa mbele utavunjika.

## Hatua ya 2: Betri na chaja, hapa usiwe na haraka

Gari nyingi zinakuja na betri ya NiMH ya volti 7.2, seli sita za 1.2. Kuhamia LiPo (betri ya lithiamu) ya 2S, yaani seli mbili, ndo uboreshaji wa kwanza unaousikia mkononi, kwa sababu LiPo haishushi volti ukivuta triga kwa nguvu. Seli moja ya LiPo inahesabiwa 3.7, ikijaa ni 4.2. Kwa hiyo 2S ni 7.4 na ikijaa 8.4. 3S ni 11.1 na ikijaa 12.6. Shika hizi namba, utazihitaji hatua ya 5.

Ile herufi C inakwambia betri inaweza kutoa ampea ngapi: 5000mAh ya 30C ni ampea 5 mara 30, yaani 150. Namba ya C kwenye stika mara nyingi imeongezwa chumvi, kwa hiyo acha nafasi kubwa, usinunue inayotosha kwa kubana.

Kabla hujachomeka LiPo kwenye gari ya zamani, washa kikata volti kwenye ESC. Seli ikishuka chini ya volti 3.0 inaharibika, na NiMH haikuwa na shida hiyo kwa hiyo ESC nyingine zinatoka kiwandani kikiwa kimezimwa. Kwenye XL-5 ya Traxxas taa ikiwa kijani kimewaka, ikiwa nyekundu kimezimwa. Kwenye Hobbywing QuicRun 1060 kuna kijipini kidogo cha kuhamisha kutoka NiMH kwenda LiPo. Watu wanaua betri mpya wiki ya kwanza kwa sababu ya kipini hicho tu. Juu ya hapo weka alamu yako iwe 3.5 kwa seli, ikilia unarudi nyumbani.

Kuchaji: chagua programu ya LiPo ya balansi, idadi sahihi ya seli, na ampea sawa na ukubwa wa betri, 5000mAh unachaji kwa ampea 5. Chaja ya wati 50 itaimudu 2S hiyo maana ni 8.4 mara 5, wati 42. Kwa 3S ni wati 63, chaja itapunguza kasi yenyewe, usishangae inachelewa.

Onyo, na hili nalisema kwa uzito wote: usichaji ukiwa umelala, usichaji kitandani wala kwenye sofa, usiache betri ndani ya gari lililopaki juani. Weka kwenye chungu, juu ya sakafu ya saruji, ukiwa unaiona. Betri ikivimba imekwisha, usiitoboe, usiibane irudi. Ikishika moto mwagia mchanga, toa watu nje, moshi wake ni sumu.

Ukimaliza kucheza usiiache imejaa wala tupu. Chaja ina programu ya kuhifadhi, inaipeleka kwenye 3.8 hivi kwa seli. Kwa joto la Dar au Mombasa betri iliyoachwa imejaa kwa wiki kadhaa inavimba mapema.

Na kuagiza: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zilizo peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, ndo maana mawakala wengi wa mizigo kutoka China wanazikataa au wanazichelewesha. Njia ya uhakika ni ndugu anayekuja kutoka Dubai au Muscat. Betri ya akiba inabebwa kwenye begi la mkononi, sio la chini, ncha zikiwa zimezibwa na tepu, na isizidi wati-saa 100. 2S ya 5000mAh ni 37, 3S ni 55.5, zote zinapita. Mwambie tu aangalie na masharti ya shirika lake mapema.

Umefanikiwa ukiona seli zote zinatofautiana chini ya volti 0.02 baada ya kuchaji, na betri ni ya uvuguvugu tu baada ya kuendesha. Ikiwa inakuunguza mkono, kuna kitu kinavuta umeme mwingi mno, kitafute kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 3: Kaza mwili kabla ya kuongeza nguvu

Hii hatua haina mbwembwe ndo maana inarukwa. Anza na beringi. Seti nyingi za kuunga mwenyewe za Tamiya, TT-02 ikiwemo, zinakuja na bushi za plastiki badala ya beringi. Bushi inasuguana na ekseli, mchanga ukiingia inakula tundu, gurudumu linaanza kuyumba, gia zinakaa vibaya. Saizi inayotumika zaidi kwenye TT-02 ni 5 kwa 11 kwa 4 mm, unanunua seti nzima, unabadilisha jioni moja, gari linapata spidi kidogo na betri inadumu zaidi bila kugusa mota.

Baada ya hapo pitia kila skrubu. Inayoingia kwenye chuma ipake Loctite ya bluu tone dogo, inayoingia kwenye plastiki usipake, inaweza kufanya plastiki ipasuke. Jaza oili kwenye shokapu ubonyeze mpaka mapovu yaishe. Difu iwekee grisi.

Wa pwani nisikilizeni: mchanga wa ufukweni wenye chumvi unaua beringi kuliko kitu kingine. Ukiendesha ufukweni siku hiyo hiyo futa, piga brashi, kausha, tia tone la oili nyepesi kwenye beringi. Ukisema utafanya kesho utakuta kutu.

Umefanikiwa ukitoa pinioni (gia ndogo ya mota) kwenye gia kubwa, ukasukuma gari sakafuni na likaserereka lenyewe kwa ulaini bila kukwaruza.

## Hatua ya 4: Gia na joto

Jifunzie gia kwenye mota ya brashi iliyokuja na gari, maana hiyo ikiungua hasara ni ndogo.

Pinioni ni ile gia ndogo iliyo kwenye mota. Ukiweka yenye meno mengi spidi ya mwisho inaongezeka na joto linapanda. Yenye meno machache inavuta vizuri na mota inapoa. Kwenye mchanga, majani au tope unashuka meno mawili matatu, kwa sababu mota inafanya kazi kubwa hata kama gari linakwenda polepole.

1. Legeza skrubu za mota.
2. Weka kipande cha karatasi ya daftari katikati ya pinioni na gia kubwa.
3. Sukuma mota ibane karatasi, kaza skrubu, kisha zungusha utoe karatasi.
4. Shika gia kubwa uitikise. Unatakiwa usikie kanafasi kadogo sana. Zungusha duara zima ukiangalia sehemu tofauti, maana gia nyingine haziko duara kamili.

Ikibana sana mota inapata moto na inapiga kelele ya kulia. Ikilegea sana meno yanasagwa siku hiyo hiyo.

Endesha dakika tatu, simama, pima joto la mota. Endesha tena tatu, pima. Chini ya nyuzi 70 uko salama, ikikaribia 80 shusha pinioni. Umefanikiwa ukimaliza betri nzima na joto halijavuka hapo.

## Hatua ya 5: Sasa ndo mota ya brashilesi

Kama hatua ya 2 mpaka 4 zimekaa, hapa utafurahi kweli. Kwa gari ya 1/10 tafuta mota ya 3650, maana yake kipenyo 36 mm na urefu 50 mm, pamoja na ESC ya ampea 60. Nunua vyote viwili kama seti, na kama gari inakutana na madimbwi chukua vinavyovumilia maji.

KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti. 3300KV kwenye 2S iliyojaa ni 3300 mara 8.4, yaani 27,720, na hiyo inatosha kabisa kwa gari ya 1/10. Chukua sasa 4300KV uiwekee 3S iliyojaa: 54,180. Mota nyingi za saizi hii zina kikomo cha 50,000 hivi, kwa hiyo hapo umeshavuka kabla gari halijagusa chini. KV kubwa haimaanishi mota bora. Ukitaka 3S, shuka kwenye KV, usipande.

Kufunga:

1. Lehemu plagi nzuri, XT60 au T, kwenye ESC na kwenye betri. Nyekundu kwa nyekundu, kisha pima kwa maltimita kabla ya kuchomeka. Ukigeuza chanya na hasi ESC inakufa hapo hapo, hakuna fundi wa kuirudisha.
2. Unganisha waya tatu za mota. Hazina mpangilio wa hatari kama mota haina waya wa sensa. Gari likienda kinyume badilisha waya mbili zozote. Yenye sensa lazima ufuate A, B na C kama zilivyoandikwa.
3. Weka pinioni ndogo kuliko uliyokuwa nayo. Brashilesi ina spidi tayari.
4. Inua gari juu ya kopo, matairi yasiguse kitu.
5. Fundisha ESC rimoti yako: katikati, gesi yote, breki yote, kwa mpangilio wa karatasi yake. Usiporuka hatua hii gari halitatambaa peke yake ukiliwasha.
6. Rudia jaribio la karatasi na la joto, kuanzia mwanzo.

Ukishamaliza kufundisha ESC, usivute gesi yote gari likiwa limening'inia, matairi yanapanuka na yanaweza kuchanika usoni kwako.

Kama gari lina slipa klachi (klachi inayoteleza mzigo ukizidi), ilegeze mpaka iteleze kidogo sana ukiondoka ghafla. Hiyo ndo inayookoa difu.

Umefanikiwa ukiona gari linaondoka laini bila kushtuka-shtuka, ESC na mota viko chini ya 80, na betri haivimbi. Linaloshtuka-shtuka likiondoka mara nyingi ni waya wa mota haujashika vizuri au risasi imepoa vibaya.

## Hatua ya 6: Helikopta, chagua kwa uwezo wa vidole

Huku ni dunia nyingine. Gari ukiachia triga linasimama, helikopta ukiachia throto (gesi) inaanguka.

Yenye rota mbili zinazozunguka kinyume, kama Syma S107G, inajisimamisha yenyewe, ni ya sebuleni, feni ikiwaka tu inapotea. Ya chaneli nne, yaani amri nne tofauti kutoka kwenye rimoti, yenye mapanga yasiyobadili pembe, kama WLtoys V911, inafundisha usukani wa kweli na inaanguka bila kuvunjika sana. Hapo ndo pa kuanzia. Ya chaneli sita, ambayo mapanga yanabadili pembe, kama XK K110, inaweza kuruka kichwa chini na inasamehe kidogo sana. Na zile kubwa za aina ya Align T-Rex 450, mapanga ya 325 mm na betri ya 3S ya 2200mAh, ncha ya panga inapita kilomita 300 kwa saa. Hiyo inakata mtu, usiinunue kwanza, na usiirushe karibu na watoto kamwe.

Kuhusu rimoti: kuandikwa 2.4GHz haimaanishi zinaelewana. FlySky FS-i6 inazungumza AFHDS 2A, K110 inazungumza S-FHSS ya Futaba. Hakikisha mfumo kabla ya kununua rimoti peke yake.

## Hatua ya 7: Simuleta kabla ya hewa

Simuleta ni programu ya kompyuta ya kujifunzia kurusha. Nunua waya wa USB wa kuunganisha rimoti na kompyuta. Huu ndo uboreshaji wenye faida kubwa kuliko wote kwenye helikopta, na ni wa bei ndogo kuliko seti moja ya mapanga.

Fanya kwa mpangilio: mkia ukikuelekea, kisha ubavu wa kushoto, wa kulia, mwisho pua ikikuelekea. Pua ikikuelekea kushoto na kulia vinageuka, ubongo unahitaji muda. Umefanikiwa ukiweza kuikalisha hewani sehemu moja, pande zote nne, betri nzima ya simuleta, bila kuanguka.

## Hatua ya 8: Ukaguzi na mruko wa kwanza

Kwa helikopta yenye sevo, unapopanga mambo ya jairo (kifaa kinachohisi helikopta ikigeuka na kuirudisha) chomoa waya mbili za mota. Inamisha mwili mbele: sahani iliyo chini ya rota, inayosukumwa na sevo, inatakiwa iiname nyuma, kupinga. Geuza pua: mkia uvute kuirudisha. Vikienda upande mmoja na mwili, jairo imegeuzwa, ukirusha itapinduka sekunde ya kwanza. Wengi wanaosema helikopta ni mbovu shida yao ni hii.

Inyanyue kwa kichwa cha rota uone inaning'inia sawa, kama pua inainama sogeza betri nyuma. Throto iwe chini kabisa kabla ya kuchomeka betri.

Ruka alfajiri au asubuhi mapema, pwani upepo wa baharini unapanda baada ya hapo. Simama nyuma yake, mita tano au zaidi kwa ndogo, mbali zaidi kwa kubwa. Usiiache ichechemee sentimita chache juu ya ardhi, hapo hewa inayorudi kutoka chini inaiyumbisha, inyanyue moja kwa moja mpaka usawa wa kifua. Ikianza kukushinda kata throto kwanza, mapanga yaliyosimama yanavunjika kidogo kuliko yanayozunguka.

Waulize mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, masharti ya kurusha vyombo visivyo na rubani kabla ya kwenda uwanja wa wazi, na kaa mbali na viwanja vya ndege.

## Hatua ya 9: Nini cha kuboresha kwenye helikopta

Kidogo sana. Kichwa cha chuma kinachong'aa kinaonekana kizuri lakini kinaongeza uzito, na ikianguka hakivunjiki chenyewe, kinapeleka pigo kwenye shafti na gia ambazo ni ghali zaidi. Plastiki ya kiwandani inavunjika kwa bei nafuu, iache ifanye kazi yake.

Nunua badala yake betri tatu au nne za akiba, mapanga seti mbili, shafti kuu moja, gia kubwa moja na mota ya mkia, hasa kama ni ya brashi, maana hizo zinachoka haraka. Badilisha mapanga yakiwa na ufa hata kama ni mdogo. Ukiona mkia unatetemeka hewani, angalia kwanza shafti imepinda: izungushe juu ya kioo, ikiruka-ruka itoe, weka mpya.